Askari wamejaa, mbona uvimbe unakua?

"Docta, si hawa hapa askari wamejaa? Mbona uvimbe unaendelea kukua?"

Aliyeuliza ni stajeri wetu, anayejifunza kazi, jicho lake kwenye darubini, hapa Bukavu, mji wa vilima mashariki mwa Kongo. Kwenye kioo kulikuwa na kansa ya shingo ya kizazi, imetiwa rangi ya zambarau na waridi. Pembeni mwake vidoa vya bluu iliyokoza, limfosite, yaani seli za kinga, ndio hao askari, kama mchanga uliomwagika. Kwa kuhesabu vichwa tu, ungedhani vita imekwisha.

Lakini rangi zile hazikuambii seli ina nguvu au imechoka.

Seli T, aina ya limfosite inayoua seli za kansa, ikipambana na adui yule yule miezi na miezi, huchoka. Juu yake hujaa protini iitwayo PD-1, breki ambayo mwanasayansi Tasuku Honjo na wenzake waliitangaza huko Kyoto, Japani, mwaka 1992. Uvimbe nao huvaa PD-L1, mguu wa kuikanyagia breki hiyo. Dawa kama pembrolizumab huingia katikati, mguu usifike.

Wengi huishia hapo. Mimi husumbuliwa zaidi na njaa ya hiyo seli T. Tangu miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha jinsi seli za kansa zinavyobugia sukari na kutema asidi ya laktiki, hata oksijeni ikiwepo. Asidi hiyo hata mapaja yako huitoa ukipanda mbio kutoka ziwani hadi Kadutu. Ila wewe ukifika juu utakaa, utahema, damu itaisafisha. Seli T iliyo ndani ya uvimbe itakaa wapi? Sukari imekombwa, mishipa ya damu imepindapinda, oksijeni ni haba, asidi imetuama. Katika hali hiyo hata interferoni gama, silaha yake kubwa, huitengeneza kwa shida. Hapa Bukavu gari lisilo na mafuta ukiliachia breki litateremka lenyewe. Ndani ya uvimbe hakuna mteremko.

Bado kuna makrofaji, seli za kinga zinazomeza takataka na vijidudu, waliogeuzwa kuulisha uvimbe, na seli za kansa zinazoficha HLA, kitambulisho chao, zisijulikane.

Nikamwambia stajeri asogeze kioo polepole, atafute limfosite zilizopenya katikati ya viota vya kansa, yaani mafungu ya seli zake.

"Tatu, Docta."

Nyingine zote zilikuwa zimekwama nje, kwenye nyuzi za kolajeni.