Umebakwa, uanzie wapi? Maswali na majibu kwa watu wa Bukavu

Ilinitokea jana usiku. Niende polisi au hospitali?

Hospitali kwanza. Kesi inaweza kungoja, mwili haungoji. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zile wauguzi wanaita PEP, lazima zianzwe kabla ya masaa 72 kupita, na ukizianza mapema zaidi ndiyo zinakukinga vizuri zaidi. Utazimeza siku 28. Zikikuletea kichefuchefu, usiziache. Rudi umwambie muuguzi. Dawa ya kuzuia mimba inafaa hadi siku ya tano, lakini nayo usiicheleweshe. Utatibiwa pia magonjwa ya zinaa na kuchanjwa homa ya ini ya aina B.

Huhitaji karatasi ya polisi ili utibiwe, na usikubali mtu akuambie vingine. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dokta Denis Mukwege mwaka 1999 huko Ibanda, inawatibu bure waliobakwa. Kama Panzi ni mbali, ulizia PEP kwenye kituo cha afya cha karibu.

Nisioge?

Ukiweza, ngoja upimwe kwanza. Kama umeshaoga, nenda hivyohivyo. Nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi au uzifunge kwenye kitenge kisafi, si kwenye sacheti: nguo yenye unyevu ikifungiwa kwenye plastiki inaoza, na alama zinapotea.

Munganga (daktari) atanifanya nini?

Anatakiwa akueleze kila kitu kabla ya kukugusa. Ukisema "ngoja", anasimama. Ukikataa sehemu moja ya kupimwa, dawa unapewa tu. Panzi kuna wamama wanaoitwa Maman Chérie. Kazi yao ni kukaa na wewe, kukusindikiza mlango kwa mlango na kukusikiliza. Omba karatasi ya munganga na uiweke pahali salama, hata kama leo hutaki kushitaki.

Ilitokea miaka mingi iliyopita. Nimechelewa?

Hujachelewa. PEP haitasaidia tena, lakini kupimwa UKIMWI kunasaidia, na maumivu ya tumbo yana matibabu. Mkojo au choo vikikutoka bila kujizuia, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu lililotoboka ndani ya mwili, na fistula inatibiwa kwa kupasuliwa.

Sikupiga kelele, sikupigana. Kosa si langu?

Si lako hata kidogo. Mtu akishikwa na hofu kubwa, mwili unaweza kuganda: mikono inakufa ganzi, sauti haitoki. Hakuna anayechagua hivyo, na kuganda si kukubali. Hofu hiyohiyo inaweza kubaki mwilini muda mrefu. Unashituka mlango ukigongwa, unaota yaleyale, harufu ya pombe au sauti ya buti inakurudisha kule. Si wazimu wala si mapepo. Mshauri wa hospitali anajua namna ya kukusaidia, taratibu, na hatakulazimisha usimulie yote siku ya kwanza. Maombi yanawatuliza wengi wetu. Endelea kuomba, na kwa mshauri uende pia.

Nimepata mimba.

Mkataba wa Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambao Congo iliuchapisha kwenye Gazeti Rasmi mwaka 2018, unaruhusu mimba ya kubakwa itolewe na munganga. Kuitoa au kuizaa, uamuzi ni wako. Usiende kwa watu wa vichochoroni, wanaua.

Familia inataka tupatane, watoe mbuzi na pesa.

Hili linaniuma sana. Mbuzi analiwa na baba na wajomba, binti anabaki na kidonda. Sheria ya 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kulipa faini hakufuti kesi. Ni kweli, tangu waasi wa M23 waingie Bukavu mwezi wa pili 2025 mambo ya mahakama yamevurugika. Ndiyo sababu nasisitiza ile karatasi ya munganga: itunze.

Mwanaume naye?

Naye. PEP ni ileile, masaa ni yaleyale.

Dada yangu ameniambia. Nimjibu nini?

Mwambie: "Nakuamini. Kosa si lako." Usimuulize alivaa nini wala alikuwa anatafuta nini usiku. Usimwambie mume wake, pasta wala jirani bila yeye kukubali. Muulize ilitokea siku gani. Kama masaa 72 hayajapita, tafuta moto (pikipiki) sasa hivi, mpande wote wawili mwende hospitali.