Fort Jesus haikuwa ghala la watumwa

Kila kundi ninalolitembeza Mji wa Kale wa Mombasa lina mtu wake. Tukiingia Fort Jesus na kufika kwenye ile njia iliyochongwa ndani ya matumbawe kuteremkia baharini, simu iko juu tayari: "Watumwa walipitishwa hapa, eti?" Na wako watembezaji wenzangu, Mungu awasamehe, wanaoitikia papo hapo, maana hadithi ya minyororo haikosi bakshishi.

Jamani, ile ni ngome ya vita. Miaka ya 1580, Mturuki Amir Ali Bey alikuja pwani hii mara mbili na Mombasa ikampokea. Wareno waliokuwa Goa, kituo chao kikuu huko India, wakaiogopea njia yao ya bahari. Mwaka 1593 wakaanza kujenga, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Panda juu uziangalie zile buruji nne: zimetokeza nje ya ukuta ili aliye kwenye moja ampige adui anayekwea nyingine. Aliyechora vile alikuwa akimwaza adui wa nje. Na njia ya matumbawe ilikuwa ya kufikia bahari bila kupitia lango kuu.

Sisemi Mombasa haikuwa na watumwa. Walikuwako, Wareno waliwamiliki, Waarabu na wenyeji wenye mali vilevile, na wengine walitumikishwa humo humo ngomeni. Lakini anayetaka kuisoma historia hiyo avuke daraja la Nyali aende Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru miaka ya 1870. Nikiwaambia hivyo, wengi hawaendi. Wanataka pango la minyororo.

Waliofungiwa Fort Jesus kwa miaka mingi ni wafungwa wa serikali ya Mwingereza, aliyeifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hao mbona hawaulizwi?

Madai mengine ninayoyasikia ni madogo. Eti ukiitazama kutoka angani unamwona Yesu amelala: umbo la mtu lipo, ila wasanifu wa Ulaya wa zama zile walipenda kufuata vipimo vya mwili wa binadamu katika majengo yao. Eti Wareno walikaa mpaka Mwingereza alipokuja: Waomani waliitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696, na ndani maradhi yaliua kuliko risasi. Eti Mji wa Kale ni wa Wareno: roshani za mbao na milango ya nakshi unayopiga picha ni ya Waswahili, Waarabu na Wahindi, mingi ya karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Msikiti wa Mandhry ndio wa 1570, umeitangulia ngome.

Ukiingia, usianzie kwenye mizinga. Ulizia michoro ya ukutani ya askari na mabaharia wa Kireno, meli zilizochorwa kwa makaa na udongo mwekundu na watu waliochoshwa na zamu. Na njoo asubuhi, saa sita uwanja ule unaunguza.