Moyo hudunda wenyewe, neva hufanya nini? Maswali na majibu

Neva za moyo zikikatwa zote, moyo unasimama?

Hausimami. Kinyume chake, unaongeza mwendo. Mtazame mtu aliyepandikizwa moyo: mpasuaji huunganisha mishipa ya damu, lakini neva zilizokatwa haziungwi. Hata hivyo moyo huo hudunda, tena mara 90 hadi 110 hivi kwa dakika mwenyewe akiwa amepumzika, wakati wengi wetu tuko kati ya 60 na 80. Maana yake ni kwamba tukiwa tumetulia, kazi kubwa ya neva ni kuushika moyo usikimbie.

Sasa mdundo wenyewe unaanzia wapi?

Kwenye kifungu kidogo cha seli kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia cha moyo. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907, na leo kinaitwa nodi ya SA (kifupi cha sinoatria).

Seli hizi hazijui kutulia. Umeme kwenye utando wake hupanda polepole wenyewe, kutoka takribani milivolti -60 hadi kwenye -40, na hapo milango ya kalsiamu hufunguka kwa wingi. (Wataalamu husema chaneli, milango inatosha.) Kalsiamu iliyo huru nje ya seli ni karibu mara 10,000 ya iliyo ndani, kwa hiyo mlango ukiachia tu, inamiminika. Mmiminiko huo ndio mkondo wa kalsiamu, na ndio unaowasha pigo. Misuli mingine ya moyo huwashwa na sodiamu. Baadaye potasiamu hutoka, umeme hushuka, na safari ya kupanda inaanza tena.

Neva zinaingilia wapi?

Kwenye milango hiyo. Neva za simpathetiki, zinazochangamka ukikimbia au ukishtuka, humwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Hiyo hushika vipokezi vya beta-1 juu ya seli, na ndani hutengenezwa kemikali ya kupeleka ujumbe iitwayo saikliki AMP. Ujumbe ukifika, kimeng'enya hubandika fosfati kwenye milango ya kalsiamu. Mlango uliobandikwa hufunguka kwa wepesi zaidi, mkondo unakua. Saikliki AMP hiyohiyo hushika pia milango mingine, ile inayoingiza sodiamu kidogokidogo mwanzoni mwa mpando. Umeme unapanda kwa kasi, pigo linawahi.

Neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi moyoni, hufanya kinyume. Inamwaga kemikali nyingine, asetilikolini, saikliki AMP inapungua, milango ya kalsiamu inakuwa mizito. Tena ina njia ya mkato: hufungua milango ya potasiamu bila kusubiri saikliki AMP. Ndiyo maana breki ya moyo hukamata ndani ya pigo moja au mawili, wakati kichapuzi, yaani neva za simpathetiki, huchukua sekunde kadhaa kukolea.

Nani aligundua kwamba neva hutumia kemikali?

Otto Loewi, akiwa Graz, Austria. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliichokoza vagasi ya moyo wa kwanza ukapunguza mwendo, kisha akahamisha maji yaliyokuwa ndani yake hadi kwenye moyo wa pili, usio na neva. Nao ukapunguza mwendo! Matokeo yalichapishwa 1921. Wazo, alisimulia mwenyewe, lilimjia usingizini. Usiku wa kwanza aliliandika kwenye karatasi, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake.

Naweza kulihisi hili kwangu?

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Ukishapata mapigo, vuta pumzi polepole kwa sekunde tano, kisha itoe kwa sekunde tano. Wengi, hasa vijana, huhisi mapigo yakikaribiana wanapovuta na kuachana wanapotoa. Ni vagasi inalegeza na kukaza breki. Si ugonjwa.

Nikimeza vidonge vya kalsiamu, moyo utakwenda mbio?

Hapana. Neva hazibadilishi kiasi cha kalsiamu mwilini. Zinagusa milango tu. Kiasi kilichomo kwenye damu hulindwa na homoni ya paradundumio (tezi ndogo za shingoni) pamoja na vitamini D, na kwa mtu mwenye afya hakiyumbi ovyo.

Dawa za moyo zinahusikaje?

Propranololi na atenololi huziba vipokezi vya beta, kwa hiyo noradrenalini inagonga bila kufunguliwa. Verapamili huziba milango ya kalsiamu yenyewe. Amlodipini nayo huziba milango ya kalsiamu, ila nguvu yake iko zaidi kwenye mishipa ya damu. Atropini huiachisha vagasi breki yake, na hospitalini hutumika mapigo yanapokuwa ya polepole mno.

Utaona hatari ya kuchanganya verapamili na dawa ya kuziba beta: nodi ileile inabanwa pande mbili, na mapigo yanaweza kushuka kupita kiasi. Ukiandikiwa moja, mwambie daktari kama tayari unatumia nyingine. Ukiwa kwenye dawa hizi, mapigo yakashuka chini ya 50 huku unahisi kizunguzungu au kutaka kuzimia, nenda hospitali siku hiyohiyo.