Model T haikuwa nyeusi siku zote

Wengi wanaamini ile gari ya bei poa ya Marekani, Model T, ilikuwa nyeusi mwanzo mpaka mwisho, kwamba mwenye kiwanda, Henry Ford, hakutaka kabisa kusikia rangi nyingine. Na si maneno ya hewani, maana kuanzia 1914 mpaka 1925 kweli zilitoka nyeusi tupu, rangi hiyo ilikuwa ya bei nafuu na ngumu kuchubuka. Ila zilipoanza 1908 ulikuwa unapata nyekundu, kijani au kijivu, baadaye bluu iliyokoza, halafu 1926 rangi zikarudi. Ukitaka kuhakiki usitegemee picha za zamani, mle hata kijani inaonekana nyeusi, we tafuta mtandaoni katalogi ya mauzo ya mwaka husika usome rangi walizoandika. Ukiiona makumbusho, uliza kama imepakwa upya.