Je, wajua kwa nini nchi hushirikiana kuboresha mitandao ya joto, ilhali joto lenyewe halisafiri mbali?

Katika miji mingi ya nchi za baridi, mtambo mmoja hupasha moto maji ambayo husukumwa katika mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, yakaingia katika majengo, kisha yakarudi mtamboni yakiwa yamepoa ili yapashwe moto upya. Mfumo wa namna hii ulianza kibiashara mwaka 1877 huko Lockport, jimbo la New York, ambako Birdsill Holly alitumia mvuke. Leo karibu majengo yote ya Copenhagen yameunganishwa na mtandao kama huo, na China ndiyo yenye mitandao mikubwa kuliko nchi yoyote. Hata hivyo, takriban asilimia 90 ya joto la mitandao hii duniani bado hutokana na makaa ya mawe, gesi na mafuta.

Umeme na gesi huvuka mipaka, lakini maji ya moto hupoa njiani, kwa hiyo kila mji hulazimika kujitengenezea joto lake. Kinachoweza kuvuka mpaka ni ujuzi, na kiini chake ni namna ya kushusha joto la maji. Mvuke, au maji yanayozidi nyuzi 100 za Selsiasi, kwa kawaida huhitaji moto mkali. Maji ya nyuzi 60 au 70 yanaweza kupata joto kutoka kwenye majitaka, bahari, jua au vituo vya kompyuta, kwa kuwa pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayochota joto mahali penye joto la chini na kulipandisha, hutumia umeme mchache zaidi kadiri inavyotakiwa kupandisha joto kidogo.

Kushusha joto hilo si suala la kufungua valvu tu. Chini ya jengo huwa kuna kibadilisha joto, chenye mabamba membamba ya chuma yanayotenganisha maji ya mtandao na maji ya jengo. Mabamba yakiwa machafu, au mizunguko ya maji ndani ya jengo ikiwa haijasawazishwa, maji hurudi mtamboni yakiwa bado moto na umeme wa kuyasukuma hupotea bure. Maji ya kuogea nayo hayaruhusiwi kupoa mno, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa ya mapafu, hustawi katika maji ya uvuguvugu.

Denmark ilianza kujifunza mambo haya kwa dhati baada ya mtikisiko wa mafuta wa mwaka 1973, bei yake ilipopanda ghafla, na mwaka 1979 ikapitisha sheria ya ugavi wa joto. Katika mji wake wa Esbjerg sasa pampu kubwa ya joto huchota joto kutoka baharini. Wataalamu wa Denmark hufanya kazi na wenzao wa Ukraine na China, na tangu mwaka 1983 Shirika la Kimataifa la Nishati lina programu ambamo nchi huchangia gharama za utafiti wa mitandao hii.

Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo, kwa upande wake, hukopesha miji ya Balkani na mara nyingi husisitiza kwamba kila mteja alipie joto alilotumia. Kwa maoni yangu, sharti hilo lina uzito kuliko mashine yoyote. Katika mitandao ya zama za Kisovieti, malipo yalihesabiwa kwa ukubwa wa nyumba, na chumba kilipozidi joto mkazi alifungua dirisha, kwani hakuwa na valvu ya kupunguza. Pampu mpya ikifungwa kwenye mtandao wa aina hiyo, itapasha joto hewa ya nje kwa gharama kubwa. Ndiyo maana mita na valvu hutangulia.