Vizibo vya visima vya mafuta enzi za mwanzo: adui alikuwa maji

Ukimwambia mtu kwamba visima vya mafuta vya mwanzo vilizibwa kwa mfuko wa ngozi uliojazwa mbegu za kitani, hizi hizi mbegu ambazo siku hizi watu wanachanganya kwenye uji, anadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa na kwa miaka mingi tu, na nimeamua kuandika kwa sababu kila historia ya mafuta ikisimuliwa nasikia hadithi ile ile, wamechimba, mafuta yameruka juu, watu wametajirika, basi. Habari ya kuziba inaachwa kama kitu kidogo cha mafundi wakati bila hiyo visima vingi vingekufa ndani ya miezi michache.

Nianze na ile dhana inayozaa nyingine karibu zote.

"Kizibo kiliwekwa ili mafuta yasiruke nje."

Hapana. Kizibo kiliwekwa kuzuia maji. Chukua bonde la Oil Creek kule Pennsylvania, Marekani, ambako biashara hii ilianzia. Ukichimba pale unapita kwanza udongo na changarawe, halafu unaingia kwenye mwamba, na ndani ya mwamba unakutana na mishipa ya maji kabla hujafika kwenye jiwe la mchanga lenye mafuta. Yaani mafuta yako chini, maji yako juu yake, na wewe umetoboa tundu moja linalounganisha yote mawili. Maji yanateremka, yanajaa kisimani, na maji yana uzito jamani, kila futi 100 za maji zinakandamiza chini kwa presha ya kama pauni 43 kwa inchi ya mraba. Kisima cha futi 500 kikijaa maji, mafuta yenye presha ndogo hayapandi tena, yanabaki yamekaliwa huko huko chini, na ukiweka pampu unavuta maji kutwa nzima na kesho yake yamejaa tena. Kwa hiyo fundi wa zamani alipowaza kuziba hakuwa anawaza kuyafungia mafuta, alikuwa anatafuta namna ya kuyazuia maji ya juu ili mafuta yapate nafasi ya kupanda.

Sasa mfuko wenyewe ulifanyaje kazi. Unachukua ngozi, unaishona iwe kama mguu wa buti uliokatwa huku na huku, unaivalisha kwenye bomba dogo la ndani lile ambalo mafuta yatapandia. Mwisho wa chini unaufunga kwa kamba imara kabisa, unajaza mbegu kavu za kitani kuzunguka bomba, halafu mwisho wa juu unaufunga kwa kamba dhaifu kidogo. Unateremsha bomba mpaka mfuko ufike chini ya ile mishipa ya maji lakini juu ya jiwe la mafuta, kisha unasubiri. Mbegu za kitani zikilowa zinafura na kutoa utelezi mzito (ukiziloweka kwenye glasi usiku asubuhi utaona mwenyewe), kwa hiyo mfuko unavimba, unakaza kwenye ukuta wa mwamba pande zote, na maji ya juu hayapiti tena. Ilikuwa kazi ya masaa kadhaa, wengine walingoja siku nzima au zaidi ndipo wawashe pampu, na maji yakiendelea kuja ujue mfuko umekaa pabaya, unatoa, unaweka mwingine, unajaribu kina kingine.

Na ile kamba dhaifu ya juu wengi hawaielewi kabisa, wanadhani ni uzembe. Ilifungwa hivyo makusudi. Siku unataka kutoa bomba, mfuko umeshavimba na umenasa, huwezi kuuvuta hivi hivi. Ukivuta kwa nguvu kamba ya juu inakatika, mbegu zinamwagika shimoni, mfuko unanywea na bomba linapanda bila kung'ang'ania. Mtu aliyefikiria hilo alikuwa ameshakwama na bomba chini mara nyingi, huwezi kulipata hilo kwa kukaa mezani.

"Ni Drake aliyevumbua haya yote."

Edwin Drake, yule anayesifiwa kwa kisima cha kwanza cha mafuta kule Pennsylvania, anastahili heshima yake. Tarehe 27 Agosti 1859 kisima chake cha Titusville kilifika futi 69 na nusu na mafuta yakaonekana, na kabla ya hapo changarawe na maji vilikuwa vinaporomokea shimoni mpaka akaamua kugongelea bomba la chuma cha kuyeyusha futi 32 kwenda chini hadi kwenye mwamba, ndipo akachimba ndani ya bomba. Hilo nalo ni kuziba, na liliokoa kazi nzima. Lakini mfuko wa mbegu sio wake, wala uchimbaji wa patasi nzito inayonyanyuliwa na kuangushwa sio wake. Fundi wake mkuu, William Smith, alikuwa mhunzi aliyezoea kuwatengenezea zana wachimbaji wa visima vya chumvi huko Tarentum, na ujuzi wote ulitoka kwenye chumvi.

Hapa inabidi nirudi nyuma nusu karne. Kwenye bonde la mto Kanawha, karibu na Charleston, sehemu ambayo leo ni West Virginia, ndugu wawili David na Joseph Ruffner walitafuta maji chumvi mazito ya kuchemshia chumvi. Walianza 1806. Walisimamisha shina la mti lililo wazi ndani, upana kama futi 4, wakalididimiza kwenye mchanga na tope hadi likakalia mwamba, halafu wakatoboa mwamba kwa patasi iliyoning'inizwa kwenye mti unaonesa, kazi ya mikono tupu, mpaka wakafika futi 58 mwezi Januari 1808. Shida ikawa ile ile, maji matamu ya juu yanaingia na kuyapunguzia chumvi maji ya chini. Bomba la chuma hawakuwa nalo. Wakachukua vipande viwili virefu vya mbao, wakavichonga kila kimoja kiwe nusu ya bomba, wakavigandanisha na kuvizungushia uzi kuanzia juu mpaka chini, na mwisho wa chini wakaufunga kitu cha kuziba nafasi kati ya bomba na mwamba. Ukimwona fundi bomba wa hapa kwetu anazungushia katani kwenye nyuzi za bomba kabla hajafunga, ni ukoo mmoja huo.

Mfuko wa mbegu ulikua na kukomaa kwenye visima hivyo vya chumvi miaka mingi kabla mtu hajawaza kuchimba mafuta kwa makusudi. Tena kule Kanawha mafuta yalipotokea yalikuwa kero, yanaharibu maji chumvi na yanamwagwa mtoni, mpaka mto ukapewa jina la utani la mafuta mafuta. Nikilifikiria hili huwa nasimama kidogo, teknolojia nzima ya kuyapata mafuta ilitengenezwa na watu ambao hawakuyataka.

"Ukishaziba umeziba."

Hii iliwagharimu watu pesa nyingi kweli. Visima vya mwanzo wa miaka ya 1860 vilikuwa na bomba la juu la kuzuia changarawe, kisha mwamba mtupu, na ndani bomba moja la kupandishia mafuta lenye mfuko wa mbegu. Pampu ikiharibika, valvu ikiisha, au bomba likiziba kwa nta ya mafuta, inabidi utoe bomba. Ukitoa bomba umetoa na kizibo. Maji yote yaliyokuwa yamezuiwa juu yanashuka kwa mpigo mpaka kwenye jiwe la mafuta, na unaweza kuwasha pampu wiki nzima ukirudisha maji tu kabla ya kuona tone la mafuta, na wakati mwingine kisima hakirudi kama zamani.

Halafu kuna jirani. Watu wanadhani kila kisima ni chungu chake, kumbe jiwe la mafuta ni moja linapita chini ya mashamba ya watu wote. Maji uliyoyaachia kwenye kisima chako yanasafiri ndani ya jiwe na kuzamisha cha mwenzako aliye hatua mia kutoka kwako, ambaye kizibo chake ni kizima kabisa. Mtu aliyeacha kisima wazi na kuhamia pengine aliweza kuua visima vya watu ambao hata hawajui. Ndio maana Pennsylvania ilipotunga sheria mwaka 1878 ya kutaka visima vilivyoachwa vizibwe, lengo lilikuwa kuyalinda mafuta yasiharibiwe na maji. Wengi tunadhani sheria hizo zilianza kwa ajili ya kulinda maji ya kunywa. Hilo lilikuja baadaye sana.

Dawa ya tatizo la bomba ilikuwa kesingi, na hapa kuna mkanganyiko mwingine, watu wanaita kila bomba la kisimani kesingi. Kesingi ni bomba pana linalokaa, bomba la ndani ni jembamba na linatoka likihitajika. John Carll, mjiolojia wa jimbo la Pennsylvania, alichora visima vya miaka mitatu tofauti, 1861, 1868 na 1878, na ukiviangalia kwa pamoja unaona akili za watu zinavyokua. Cha 1861 ndicho nilichokieleza. Cha 1868 kina kesingi na kizibo kimehamia nje ya kesingi, kwenye mwisho wake wa chini, kwa hiyo bomba la ndani unalitoa na kulirudisha na maji yametulia nje. Cha 1878 ndicho ninachokipenda, wametoboa tundu pana mpaka kupita maji yote, wakabadilisha patasi ndogo zaidi ili libaki bega la mwamba, kesingi ikakalishwa juu ya hilo bega ikaziba, halafu wakaendelea kuchimba ndani pakiwa pakavu. Zamani walichimba kisima kimejaa maji toka juu hadi chini, dalili za gesi na mafuta zinafichwa na maji. Shimo kavu linakuonyesha kila kitu unapokifikia.

"Mpira ulipokuja shida ikaisha."

Mpira ulisaidia sana. Mwaka 1880 Solomon Dresser wa Bradford, Pennsylvania, alipata hataza ya pakeri (yaani kizibo cha kisimani) ya mpira, na kampuni aliyoianzisha mwaka huo iliishi miaka mingi hadi ikaunganishwa na Halliburton, kampuni ya huduma za visima vya mafuta, 1998. Wazo la pakeri za namna hii ni kwamba uzito wa bomba unaukandamiza mpira kwa juu, mpira unatanuka pembeni na kubana ukuta, huna haja ya kungoja mbegu zilowe. Lakini mpira wa asili na mafuta ya petroli ni maadui, ukikaa kwenye mafuta unavimba, unalainika, unaharibika. Mipira inayovumilia mafuta ilikuja miaka ya 1930 ilipotengenezwa ya viwandani. Kwa hiyo ngozi haikukimbia mara moja, na hata sisi tunaijua, pampu za mkono za India Mark II, zile Uganda wanaziita U2, zilianza na washa za ngozi (pete za kubana maji yasivuje) kwenye silinda kabla hazijabadilishwa kuwa za mpira.

Simenti nayo watu wanadhani ilikuwepo tangu mwanzo. Hadithi inayotajwa sana ni ya 1903, kwenye eneo la Lompoc, California, Frank Hill wa kampuni ya Union Oil alimwaga simenti chini ya kisima kilichokuwa kinasumbuliwa na maji juu tu ya mafuta, akangoja siku 28 igande, akaitoboa katikati, na maji yakawa yamezuiwa. Tangu Drake ni miaka 44 hiyo. Erle Halliburton, ambaye jina lake limebaki kwenye malori ya simenti dunia nzima, alianza biashara yake 1919.

Na kuhusu mafuta kuruka, ambako wengi ndiko wanaanzia, hilo halikuwa jambo la sherehe. Aprili 1861 kisima cha Henry Rouse pale Oil Creek kilifumka, gesi ikashika moto, na watu 19 wakafa pamoja na Rouse mwenyewe. Kisima cha Lucas pale Spindletop, Texas, Januari 1901, kilitapika siku tisa kama mapipa 100,000 kwa siku, mafuta yanatapakaa kwenye ardhi. Kifaa cha kubana mdomo wa kisima kinachotaka kulipuka kilitengenezwa na James Abercrombie na Harry Cameron mwaka 1922. Yaani vizibo vya kuzuia maji vilitangulia kwa zaidi ya miaka mia moja ukihesabu kutoka kwa akina Ruffner.

Kuna wanaouita mfuko wa mbegu ushamba. Miaka ya 2000 makampuni makubwa yalianza kutumia pakeri za mpira maalumu ambazo hazina chuma cha kusukuma wala kukandamiza, unaziteremsha tu na zinavimba zenyewe zikikutana na maji au mafuta, ule udhaifu wa mpira wameugeuza kuwa kazi yake. Na mafundi wetu wa visima vya maji wakimwaga bentonaiti kuzunguka kesingi ili maji machafu ya juu yasishuke, ni udongo unaovimba ukilowa, mwendo ule ule wa kitani.

Kilichonigusa zaidi ni vile visima vya zamani vyenyewe. Vilipoisha vingi vilizibwa kwa chochote kilichokuwepo, vigogo, mawe, matawi, na vingine havikuzibwa kabisa, halafu wakati wa vita kuu ya pili kesingi zikang'olewa nyingi kwenda kuyeyushwa kwa sababu chuma kilihitajika. Mpaka leo Pennsylvania kuna mafundi wanaovitafuta msituni, wanakuta tundu limefunikwa na majani, gesi inatoka taratibu, wanateremsha zana na kuvuta juu vipande vya gogo vilivyooza ili waweze kumimina simenti.