Je, wajua? Molekuli moja tu ya sumu ya dondakoo inatosha kuua seli nzima

Mwaka 1884 daktari Mjerumani Friedrich Loeffler alikuwa akichunguza ugonjwa wa dondakoo, ule unaoota ganda la kijivu kooni na kumziba mtoto pumzi. Aliwapata bakteria wake bila shida, lakini wote walikuwa palepale kooni. Kwenye viungo vya ndani hawakuonekana, ingawa viungo hivyo vilikuwa vimeharibika. Muuaji amekaa mlangoni, maiti iko chumbani. Loeffler akashuku kwamba bakteria hao wanatoa sumu inayosafiri na damu.

Miaka 4 baadaye, Émile Roux na Alexandre Yersin wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walimaliza ubishi. Waliwaotesha bakteria kwenye mchuzi, wakauchuja kwa kichungi cha kaure kisichopitisha bakteria, kisha wakawadunga wanyama maji yaliyochujika. Wanyama wakafa kana kwamba wameugua dondakoo, na hakuna bakteria hata mmoja aliyeingia mwilini mwao.

Sasa, ukisikia neno sumu huenda unawaza kitu kama tindikali, kinachounguza kila kinachokigusa. Baadhi ya sumu za bakteria zinakaribia hapo. Ila zile za kutisha zaidi haziunguzi chochote. Ni protini zinazobisha hodi, na seli yenyewe ndiyo inayofungua.

Tuifuate ya dondakoo, maana njia yake inajulikana vizuri. Ni mnyororo mmoja wa protini wenye kazi mbili: kipande B ni cha kushika na kupenyeza, kipande A ndicho chenye madhara. Juu ya utando wa seli zetu kuna protini fulani ambayo kazi yake halali inahusu ukuaji wa seli na uponaji wa majeraha. Kipande B kinaishika hiyo. Panya wanayo pia, lakini ya kwao imetofautiana kidogo tu na yetu, na tofauti hiyo ndogo inatosha: sumu haishiki, panya anadunda. Ukikipenyeza kipande A ndani ya seli ya panya kwa njia nyingine, inakufa kama ya mtu. Kinachomwokoa ni kitasa tu.

Sumu ikishashika, kimeng'enya cha seli yenyewe (protini inayoharakisha kazi za kikemikali) kinaukata mnyororo kati ya A na B, ingawa vipande bado vinabaki vimeungana kwa kiungo kimoja. Halafu seli inafanya ilivyozoea kufanya kwa vitu vinavyonasa juu yake: inakunja utando, inakimeza kitu hicho ndani ya kifuko, na kuanza kutia asidi kifukoni ili kukimeng'enya. Hapo ndipo palipotegwa. Asidi ileile iliyokusudiwa kuiharibu sumu inakifanya kipande B kibadilike umbo, kijichomeke kwenye ukuta wa kifuko na kumpitisha mwenzake. Kipande A kinavuka hadi ndani ya seli, na kile kiungo cha mwisho kinakatika. Ukizuia asidi isitengenezwe kifukoni, sumu inabaki imefungiwa humo. Mimi hapo ndipo huwa nasimama kidogo kila nikisoma habari hii: seli imeisaidia sumu kuanzia kuipokea, kuikata, kuibeba, hadi kuipa ishara ya kutoka.

Kazi ya kipande A ni moja tu. Seli hutengeneza protini zake kwenye viwanda vidogo viitwavyo ribosomu, na ili mnyororo wa protini urefuke, lazima kuwe na protini saidizi inayosogeza kazi mbele hatua baada ya hatua. Kipande A kinaibandika protini hiyo kipande cha molekuli iliyokuwemo humohumo ndani ya seli. Ikishabandikwa, haisogezi tena. Kipande A kinahamia kwa nyingine, na nyingine. Hakichoki wala hakiishi, kwa sababu ni kimeng'enya, na kimeng'enya hakitumiki kikaisha kama tindikali inavyoishia kwenye kitu ilichokiunguza. Ndiyo maana mwaka 1978 watafiti wa Japani waliweza kuonyesha kwamba molekuli moja ya kipande A ikiingia ndani inatosha kuiua seli. Uzalishaji wa protini ukisimama, seli haina cha kuziba pengo la zile zinazochakaa, na inakufa taratibu.

Sumu ya Shiga, inayotolewa na bakteria wa kuhara damu na aina fulani za E. koli, inalenga kiwanda chenyewe: inanyofoa herufi moja, yaani kipande kidogo cha RNA, kati ya maelfu yanayounda ribosomu, na ribosomu nzima inakuwa chuma chakavu. Cha ajabu, sumu ya mbegu za mbarika inanyofoa herufi ileile, ingawa huo ni mmea.

Njia nyingine haina ujanja mwingi: kutoboa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hutoa molekuli zinazotua juu ya seli moja moja, kisha zinakusanyika saba, zinashikana duara, na kuusukuma mrija katikati ya utando. Potasiamu inavuja nje, kalisi inamiminika ndani, mizani yote ya seli inavurugika. Lakini seli haikai ikitazama. Kalisi inayoingia ndiyo inayokuwa kengele, na matundu yakiwa machache, seli huweza kuyaviringisha na kuyameza au kulikata eneo hilo la utando na kulitupa nje. Yakiwa mengi, inazidiwa na kufa.

Halafu kuna sumu zinazomuua mtu bila kuiua seli.

Kipindupindu ndicho mfano ulio wazi. Mwaka 1959 mwanasayansi wa India, Sambhu Nath De, akifanya kazi Calcutta, alionyesha kwa kutumia utumbo wa sungura kwamba mchuzi uliochujwa bakteria wa kipindupindu unatosha kuujaza utumbo maji. Sumu hiyo inaingia kwenye seli za ukuta wa utumbo na kukwamisha swichi moja ikiwa imewashwa. Mlango wa kloridi unabaki wazi, chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, huku seli zilizomfikisha hapo zikiwa hai. Na kwa kuwa ziko hai, ule mlango mwingine unaoingiza sukari pamoja na chumvi bado unafanya kazi. Maji yenye chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa yanapitia hapo.

Pepopunda na botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli, zinanishangaza zaidi. Sumu ya pepopunda na aina mojawapo ya sumu ya botulizimu, aina B, hukata protini ileile ya neva, tena mahali palepale kabisa. Protini hiyo ndiyo inayowezesha neva kumwaga kemikali ya kupeleka ujumbe. Tofauti ni mahali zinapofanyia kazi. Ya botulizimu hubaki pale neva inapokutana na msuli, ikazima amri, na msuli unalegea. Ya pepopunda hupanda na neva hadi uti wa mgongo na kuzinyamazisha neva ambazo kazi yake ni kutuliza misuli, basi misuli inakakamaa bila wa kuizuia. Mkato ni mmoja, ila mgonjwa mmoja amelegea mwili mzima na mwingine amekakamaa kama ubao.

Turudi kwenye dondakoo, maana kuna jambo nimeliacha kiporo. Si kila bakteria wa dondakoo ana sumu. Mwaka 1951 Victor Freeman wa Marekani aligundua kwamba bakteria asiye na sumu akiambukizwa virusi fulani, virusi vya bakteria, anaanza kuitoa. Jeni ya sumu ni mali ya virusi! Bakteria, kwa upande wake, ameshika kufuli. Ana protini inayopima madini ya chuma: chuma kikiwepo cha kutosha, inaikalia jeni ya sumu na kuizima, chuma kikiwa haba, kama kilivyo ndani ya miili yetu ambamo kimefungiwa kwenye protini zetu, inaachia, na sumu inaanza kutengenezwa.

Watengenezaji wa chanjo ya dondakoo hulazimika kulizingatia hilo kila siku. Chanjo hiyo ni sumu yenyewe iliyotiwa kemikali iitwayo fomalini hadi ikapoteza ukali, huku kinga ya mwili ikiendelea kuitambua. Ili waipate kwa wingi, lazima waupunguze chuma mchuzi wa kuoteshea. Chuma kikizidi, bakteria wanastawi vizuri tu, wanajaa chomboni, lakini sumu ya kutengenezea chanjo inakuwa haba.